Tiketi ya Kwenda Kusoma Mapambo

Nairobi
4 Oktoba 1987

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye moshi na makelele. Mimi niko salama, kile kikohozi kimeniacha. Mgongo wako je? Na siku za kanisa ng'ombe wanakamuliwa na nani? Nisalimie wote, hata wale ambao huwa hawaniulizii.

Mama, nina habari, na nakuomba uketi kwanza. Nimepata nafasi ya kusoma Masters. Siyo moja, ni mbili. Zote ni za sanaa ya mapambo, yaani vitambaa, vyungu, mbao, vitu vya nyumba vinavyotengenezwa vikapendeza. Najua umeshakunja uso. Soma tu.

Ya kwanza iko London. Ni mwaka mzima wa kuangalia viti na vikombe vya mabwana waliokufa, na kuandika nani alikalia nini. Karo yao, hata ukiuza shamba lote na kanisa juu yake, hatuifikii. Na hawasaidii hata na senti. Ya pili iko India, miaka miwili, na huko mtu anashika kazi kwa mikono: kufuma, kupika rangi za majani, kuchonga mihuri ya kupigia maua kwenye kitambaa. Serikali yao inalipa karo na kitanda. Mimi nijitafutie tiketi ya ndege na pesa ya kula mpaka nizoee, na niwe nimewahakikishia kabla Mei haijaisha. Nimechagua India. Nakuandikia kuomba ushauri wako, ingawa nimeshachagua.

Usiniambie nina kazi. Unaijua hiyo kazi? Mtu mwenye digrii anaketi nyuma ya duka la watalii akipaka twiga kwenye sinia za mbao. Asubuhi twiga, mchana ndovu, jioni twiga tena. Mwenye duka mwenyewe hajui kama twiga ana pembe. Wazungu wananunua hiyo takataka, wanaitundika ukutani kwao na kusema wamefika Afrika. Nimechoka kuwadanganya, na nimechoka kulipwa vibaya kwa uongo wenyewe.

Nisaidie, Mama. Peke yangu siwezi.

Mwanao,
Jeruto


Kapseret
19 Oktoba 1987

Jeruto mwanangu,

Salamu nimepokea. Mgongo uko pale pale, haujahama. Ng'ombe ni wazima, isipokuwa ile Ayrshire, ambayo siku hizi ina maringo utadhani imesomea Nairobi. Mimi nilikuwa naendelea vizuri mpaka Mburu aliponikabidhi barua yako pale dukani kwake.

Niliisoma bila miwani, nikasema nimeona vibaya. Nikavaa miwani. Ikawa mbaya zaidi.

Mapambo! Mtoto wa Esther Jepchirchir, aliyefundisha hesabu hapa mpaka chaki ikamwingia kifuani, anataka kupanda ndege avuke bahari akajifunze kupamba. Kwani huku hakuna kupamba? Njoo Jumapili tukae kwa mke wa Mburu. Kochi limevaa kitambaa, redio imevaa kitambaa, thermos imevaa, meza imevaa, na juu ya kitambaa cha meza kuna kitambaa cha kulinda kitambaa. Ukiinuka vibaya unatoka na nyumba nzima mgongoni. Na huyo mama hana Masters.

Nilipokupeleka chuo kikuu nilitaka uwe mwalimu, au wakili, hata karani wa benki ningevumilia. Ukasema sanaa. Nikanyamaza kwa sababu marehemu baba yako alisema nikuachie. Watoto wa wenzangu wanaenda Amerika kwa kukimbia. Kipyego wa hapa jirani hajawahi kupata hesabu hata moja kwangu, lakini miguu imempeleka Texas na analishwa bure. Wewe hata kukimbia hukimbii.

Tena India! Kama ni vitambaa vya Wahindi, maduka yao yamejaa pale mjini. Simama kwenye kaunta mwezi mmoja, utasoma yote, na watakulipa.

Mchagua jembe si mkulima, na wewe umechagua jembe la kutundika ukutani. Mimi sina pesa ya upuuzi. Ukibadilisha iwe ya ualimu au ya biashara, niandikie.

Kula vizuri.

Mama yako


Nairobi
8 Novemba 1987

Mama,

Natumai mgongo umepata nafuu, maana ulimi naona hauna ugonjwa wowote. Mimi ni mzima. Mvua imetunyeshea wiki nzima na stoo yetu inavuja juu ya twiga.

Sibadilishi.

Toa ile gauni yako ya Jumapili, ya maua ya zambarau, uitandaze kitandani. Kitambaa kilifumwa pale mjini Eldoret, kiwandani. Pamba ni ya nchi hii, mikono ni ya nchi hii. Hayo maua je? Umewahi kuona ua la namna hiyo Uasin Gishu nzima? Mwaka jana nilienda kiwandani kuomba kazi ya kuchora. Wakacheka. Wakaniambia michoro inanunuliwa ng'ambo ikiwa tayari, na hakuna mtu hapa anayejua kuiandaa mashine ikaikubali. Wakasema kuna nafasi ya kupika chai. Watu wana pamba, wana mitambo, halafu wanakodi maua! Hiyo ndiyo Masters yangu. Nijifunze mpaka mwisho, nirudi, niwachoree kitu ambacho mtu wa Kapseret akikivaa hajifichi ndani ya bustani ya mtu mwingine.

Kuhusu Kipyego, siku goti lake likivunjika watamrudisha kwa ndege ya kwanza. Mikono yangu haina goti.

Na usijifanye hujui kilianzia wapi. Mwalimu Kipkemboi aliyekuwa na darasa la sita ndiye aliyeniona nikichora nyuma ya kalenda, akaninunulia rangi kwa mshahara wake. Wewe ulimwendea ofisini ukamwambia anaharibu mtoto wa watu. Akakuambia, "Mwalimu Esther, huyu ameshaharibika, wacha nimharibu vizuri." Ulirudi nyumbani ukisema ni mjinga. Mimi nilikuwa mlangoni nikisikia, na tangu siku hiyo nampenda.

Mei siyo mbali, Mama.

Mwanao asiyebadilika,
Jeruto


Kapseret
17 Januari 1988

Jeruto,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi hukuja. Nilichinja kuku nikamla mwenyewe, na alikuwa mtamu.

Nilimsimulia Mburu habari ya mapambo yako nikitegemea acheke, tucheke pamoja. Hakucheka. Watu wa kwao Kiambu hawachezi na masomo. Akasema mtoto akipata nafasi haachwi, akaita kamati papo hapo dukani, watu wakikalia magunia ya sukari. Kwa hivyo una harambee. Kadi zimeshachapishwa. Wamekataa kabisa neno mapambo, wameandika "elimu ya juu ng'ambo". Sikuwalaumu.

Sasa, harambee bila mgeni wa heshima ni mkutano wa maskini kuangaliana. Na wa kumwita hapa ni mmoja, Mheshimiwa Jackson Kiprotich, mbunge wetu. Unamjua. Nilimfundisha darasa la nne miaka miwili. Mpaka leo hajui kugawanya, anajua kujigawia. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuigizia vile alivyokuwa akihesabu kwa vidole mpaka vinaisha, anaanza kuvua viatu.

Alikuja hapa nyumbani wiki jana, na magari mawili. Aliketi kwenye kiti cha baba yako bila kuambiwa. Akanywa maziwa ya mursik, akafuta mdomo, akasema, "Mwalimu, nitakuja, na marafiki zangu watakuja na mikono mizito. Lakini iwe baada ya uchaguzi. Safari hii hakuna karatasi wala sanduku. Kila mtu atapanga mstari nyuma ya mtu wake, mchana kweupe. Mimi hupenda kujua nani yuko nyuma yangu." Halafu akaomba aongezewe maziwa.

Na unajua ni nani anashindana naye? Kipkemboi wako. Ameacha ualimu ili asimame. Anazunguka na baiskeli, suruali ameifunga kwa kamba isishikwe na cheni, anaingia boma kwa boma kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea. Watu wanampenda. Ni mtu mzuri, na watu wazuri kazi yao ni kuzikwa na umati mkubwa.

Sijaamua. Nimekuambia ili ujue mapambo yako yananunuliwa wapi.

Mama yako


Nairobi
31 Januari 1988

Mama,

Hujambo. Mimi sijambo. Leo sitazunguka.

Usisimame nyuma ya huyo mtu. Usisimame kwa ajili yangu, hasa kwa ajili yangu. Huku Nairobi hatuongei mambo haya kwa sauti, na hata barua hii naiandika nikiangalia mlango, lakini naandika. Huo mstari siyo kura, ni kuhesabiwa kama ng'ombe kwenye josho. Wewe uliyenifundisha kumcheka Kiprotich kabla sijajua kusoma, ukamwone kisogo asubuhi nzima?

Na upande wa pili ni Kipkemboi! Mtu ameacha kazi na mshahara. Asiposhinda, ni nani atamrudisha darasani?

Kaa nyumbani. Sema ni mgongo. Mgongo huo umekukwepesha harusi ngapi? Hakuna atakayeshangaa.

Nakuambia mapema ili tusilaumiane. Ukisimama pale, pesa ya harambee hiyo sitaigusa. Afadhali twiga mpaka nizeeke.

Jeruto, mtoto wako


Kapseret
25 Februari 1988

Jeruto mwanangu,

Hali yako? Mimi naandika miguu ikiwa ndani ya beseni la maji moto.

Nilisimama nyuma ya Kiprotich. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine kwa furaha zaidi.

Nilikuwa nimepanga kutumia mgongo. Asubuhi gari lake likaja mpaka mlangoni, dereva akashuka na mto wa kuwekea mgongo. Mto, Jeruto! Jackson hakuwahi kufikiria hesabu hata dakika moja, lakini hilo alilifikiria. Nikachukua kadi ya chama, nikaingia.

Umande ulikuwa bado kwenye uwanja wa shule. Wakala wa Jackson ameinua picha ya bwana wake, picha kubwa kuliko yeye, miguu miwili tu inaonekana chini. Kipkemboi hakuwa na picha. Alikuja mwenyewe, na lile koti jeusi analovaa kwenye mazishi. Mimi nikapangwa mbele, wa tatu, ili nionekane. Wanawake wa kanisa letu karibu wote walikuwa upande wa pili, na walinitazama kama mtu aliyeingia choo cha wanaume. Mburu peke yake ndiye aliyekuwa karibu nami. Aliangalia chini akasema, "Mwalimu, mimi nina duka." Sikumuuliza, alisema tu.

Kipkemboi aliniona. Alivua kofia, akanisalimu, "Chamge, Mwalimu." Nikamwitikia nikiangalia viatu vyake. Ulikuwa na haki ya kunikataza, hiyo nakupa.

Mstari wake ulipita madarasa, ukazunguka vyoo, ukarudi mpaka getini. Wetu uliishia kwenye goli. Wakahesabu. Halafu wakatangaza Jackson ameshinda, na kwa mbali. Aliyehesabu nilimfundisha pia. Huyo hesabu anajua, kwa hivyo alijua anachofanya. Watu wakaguna, askari wakasogea, watu wakaenda nyumbani kukamua.

Kwa hivyo hata sikuhitajika. Angepanga mbuzi pale na angeshinda. Nilirudi kwa miguu, gari halikuwa na haja na mimi tena.

Harambee ni tarehe tisa Aprili. Maji nimeshayavulia nguo.

Mama yako


Nairobi
6 Machi 1988

Mama,

Sikuulizi hali, umeshanieleza.

Nilidhani ulikuwa unamdharau Kiprotich kwa sababu ni mwizi. Kumbe ulimdharau kwa sababu alikuwa mtoto wa maskini. Alipopata magari ukaingia kwenye gari. Miaka yote nilikuwa naogopa ulimi wako, nikijua ni ulimi wa mtu asiyepiga magoti. Sasa nimejua ni ulimi tu.

Umemuuza Kipkemboi. Na hata bei hukupata, umesema mwenyewe walikuwa wameshamaliza bila wewe. Mtu akiuza rafiki angalau apige bei vizuri. Na yeye alikuwa akivua kofia!

Usiniitie harambee, sitakuja. Hizo pesa wanunulieni askari chai. Usitumie jina langu kwenye kadi zenu za uongo zinazoona aibu kutaja ninachoenda kusoma. Ninyi mnaona aibu ya mapambo na hamuoni aibu ya ule mstari.

Na usiniandikie.

Jeruto


Kapseret
12 Aprili 1988

Jeruto,

Umesema nisikuandikie. Mimi ni mama yako, siyo karani wako. Ng'ombe ni wazima. Mgongo ni mgongo.

Harambee ilifanyika. Mheshimiwa alifika saa nane na alikuwa ameitwa saa nne. Jogoo mmoja aliuzwa kwenye mnada mara kadhaa, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena, mpaka maskini akalala kwenye mkono wa mwenye mnada akiwa amekubali mambo ya dunia. Pesa ilipatikana. Marafiki wa Jackson walitoa, watu wa kanisa letu kule Plateau walituma, hata wanawake walionitazama vibaya walileta, kwa sababu walisema mtoto hana makosa.

Halafu Jackson akashika kipaza sauti. Nakuandikia alivyosema. "Huyu binti anaenda India kusoma kupamba. Kupamba! Akirudi atanipambia gari, atie maua mpaka kwenye tairi." Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeketi kando yake, kwenye kiti chenye kitambaa cha mke wa Mburu, na nilicheka. Nilicheka kwa sauti, meno nje, kama wote. Kitu ambacho mimi mwenyewe nimekusema nacho mara ngapi, lakini kutoka mdomoni mwake kilikuwa tusi, na bado nikacheka. Hiyo sehemu sikutaka kuiandika. Lakini wewe unapenda ukweli, basi kula.

Watu walipoanza kutawanyika, Kipkemboi akaja, anasukuma baiskeli. Hawajamrudisha darasani na hawatamrudisha. Aliweka chake mezani. Mwenye mnada akalisoma jina kabla hajafikiria, na shingo zote zikageuka. Jackson akarudi kwenye kipaza sauti, akasema, "Mmeona? Hata Mwalimu ameujua mstari!" Wachache wakacheka. Kipkemboi akangoja wamalize. Akasema, "Mtoto aende." Akapanda baiskeli.

Sasa nikujibu. Unanidharau. Nidharau, nimekufundisha mwenyewe, na ulikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote niliowahi kuwa nao. Ila kuna somo hatukufika. Kudharau ni starehe ya mtu asiyehitaji kitu. Mimi nilikuwa nahitaji tiketi, na wala siyo ya kwenda mimi. Na mpaka leo nasema mapambo ni upuuzi. Nilipanga mstari kwa ajili ya upuuzi, na kama ungekuwa umeomba tiketi ya kwenda kusoma mawingu ningepanga vile vile, nikikutukana njia nzima.

Tiketi imenunuliwa. Iko kwa wakala wa ndege pale Nairobi, yule aliye mkabala na posta kuu, kwa jina lako, pamoja na bahasha ya pesa ya kula. Usipoichukua kufikia mwisho wa Mei, watarudisha pesa, na mimi nitazunguka boma kwa boma nikirudishia watu chao, nikianzia kwa Kipkemboi.

Chagua. Wewe ni hodari wa kuchagua.

Mama yako


Kapseret
3 Julai 1988

Jeruto mwanangu,

Sijui huko hewa ikoje, wala kama maji yao yanakukubali. Wanasema ni joto. Usinywe yasiyochemshwa. Mimi ni mzima. Ile Ayrshire imezaa, jike.

Anwani hii nimeipata kwa Nanzala uliyekuwa ukikaa naye. Nilimpigia simu kutoka dukani, Mburu akijifanya anapanga sabuni. Amesema uliondoka katikati ya Juni, alfajiri, na sanduku moja, na hukutaka kusindikizwa. Wakala naye anasema ulichukua tiketi siku ya mwisho kabisa, karibu na kufunga. Ulitia sahihi ukaondoka. Hukuuliza ni nani aliyetoa nini.

Nilikaa na habari hiyo wiki nzima nikijaribu kukucheka. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno, matamu sana. Sikuweza. Nilikuwa naendelea kukuona umesimama mbele ya ile kaunta, na hakuna aliyekutumia gari wala mto. Huo pia ni mstari, Jeruto, ila wako ulikuwa wa mtu mmoja na hakuna aliyekuona. Sikulaumu. Ningekulaumu kama ungebaki na twiga.

Hujaniandikia na sikulazimishi. Nimekuandikia kwa sababu nyingine.

Kipkemboi sasa anatengeneza baiskeli pale kwenye veranda ya Mburu. Mtu aliyefundisha nusu ya Kapseret anaziba pancha, na watoto wanamwita Mwalimu bado, wakingoja awajazie upepo. Kila asubuhi nikipeleka maziwa lazima nipite pale, hakuna njia nyingine ya kufikia gari la maziwa. Na kila asubuhi anainuka, anapangusa mikono, ananisalimu vizuri, halafu ananiuliza, "Mtoto amefika salama?"

Kila asubuhi. Mara ya kwanza nilimwambia bado. Mara ya pili nikamwambia posta ya India iko polepole. Sasa nimeishiwa na uongo, mimi ambaye sijawahi kuishiwa na maneno. Laiti angenitukana! Nimepita pale nikitamani atoe neno moja baya, niende nyumbani nimeadhibiwa, yaishe. Hanipi. Anauliza kama umefika, basi.

Mimi usiniandikie kama hutaki. Mwandikie yeye, anwani ni ya dukani kwa Mburu. Siyo lazima barua ndefu, mwambie tu umefika. Itakapokuja nitampelekea mwenyewe bila kuifungua, nitasimama pale akiisoma, na mimi nitakuwa nimejua.

Mama yako